The Year I Turned 21 ya Ayra Starr: mapitio ya albamu na safari iliyoizaa

Albamu ya pili ya Ayra Starr, mwimbaji wa Nigeria, The Year I Turned 21, ilitoka tarehe 31 Mei 2024, siku 14 kabla mwenyewe hajafikisha miaka 22. Ina nyimbo 15 ukihesabu "Santa" iliyopachikwa mwishoni kama nyongeza, na kwa kuwa nyingi ni fupi, unaimaliza yote saa haijaisha. Ni albamu ya kupakua na kukaa nayo. Ina nyimbo saba au nane ambazo hazitachuja upesi, ina mwisho unaouma, na ina sehemu ya katikati inayolegea. Kinachoibeba ni sauti yake ya chini. Anapoachiwa nafasi aimbe kule chini, akichanganya Kiingereza, pijini (Kiingereza cha mtaani cha Nigeria) na Kiyoruba kama vijana wa Lagos wanavyozungumza, wachache wa rika lake wanamfikia. Anapozungukwa na wageni wa kufungulia masoko, uzito unapungua. Shika hilo unapoisikiliza, maana historia yake nzima inaelekea hapo.

Jina lake la kuzaliwa ni Oyinkansola Sarah Aderibigbe. Alizaliwa Cotonou, Benin, tarehe 14 Juni 2002, wazazi wake wakiwa Wanaijeria, na utoto wake uligawanyika kati ya Cotonou na Lagos. Miji hiyo inaunganishwa na barabara ya pwani inayopita mpaka wa Seme, na bidhaa, watu na muziki hupita hapo mchana na usiku. Chuo alisoma Cotonou, katika Les Cours Sonou, uhusiano wa kimataifa na sayansi ya siasa. Akiwa na miaka 16 alikuwa ameshaanza uanamitindo chini ya wakala wa Quove, na anavyosimama mbele ya kamera kwenye video zake inaonekana wazi kwamba kazi hiyo aliifanya kabla ya muziki. Wakati huohuo alikuwa akiimba nyimbo za wasanii wengine na kuziweka Instagram. Desemba 2019 akaweka wimbo wake mwenyewe, "Damage", na huo ndio uliomfikia Don Jazzy, mwanzilishi wa lebo ya Mavin Records.

Mavin ilianzishwa mwaka 2012, baada ya Don Jazzy na mwimbaji D'banj kuachana na lebo yao ya Mo' Hits. Ukitaka kujua lebo hii inafanyaje kazi, tazama kalenda ya Ayra Starr. Wimbo wa Instagram ni Desemba 2019, na EP (albamu fupi) yake ya kwanza, yenye jina lake, ni tarehe 22 Januari 2021. Hapo katikati kuna zaidi ya mwaka mzima ambao umma haukusikia kitu. Msanii mpya wa miaka 17 kukaa kimya muda huo ni jambo gumu, lakini matunda yake yanasikika: EP ile ina nyimbo tano tu na hakuna unaosikika kama jaribio. "Away" ndio uliotangulia mbele ya wenzake. Ni wimbo wa kumfukuza mpenzi, na tayari unamkuta msichana anayeimba kwa kifua, taratibu, bila kupiga kelele kuonyesha kwamba anaweza. Msikilizaji mpya aanzie hapo. Ukishaisikia "Away" mara tatu utaitambua sauti hiyo popote.

Albamu ya kwanza, 19 & Dangerous, ilifuata tarehe 6 Agosti 2021, nyimbo 11, na ndani yake kuna "Bloody Samaritan", wimbo wa kwanza wa mwanamke peke yake, bila kushirikisha mtu, kushika namba moja kwenye chati ya TurnTable ya Nigeria. Bado ndio wimbo wake ulioundwa vizuri kuliko yote. Hakuna sekunde ya ziada ndani yake, na kibwagizo kinaingia kabla hujakichoka kukisubiri. Albamu yenyewe ina kasoro ya ujana. Nyimbo kadhaa za katikati zina mwendo mmoja na hali moja ya moyo, na ukiwa unafanya shughuli nyingine unaweza kuvuka kutoka mmoja hadi mwingine bila kujua. "Beggie Beggie" pamoja na CKay inaokoa hali, na "Snitch" pamoja na Fousheé pia.

Kuna jambo linalowachanganya watu kila siku. "Rush", wimbo uliompeleka duniani, haumo kwenye toleo hilo la nyimbo 11. Ulitoka Septemba 2022, ukaingizwa kwenye toleo refu la 19 & Dangerous lililotoka Oktoba mwaka huohuo. Kwa hiyo ukipakua albamu ya kwanza kisha ukautafuta "Rush" bila kuuona, hujakosea. Umechukua toleo la awali. Tafuta lenye neno Deluxe. "Rush" ulimpatia nafasi kwenye Grammy za 2024, kipengele kipya cha muziki wa Afrika kilipoanzishwa, akishindana na Burna Boy, Davido, na Asake aliyeshirikiana na Olamide. Tuzo ilikwenda kwa Tyla wa Afrika Kusini kwa "Water".

Halafu kuna "Sability" ya mwaka 2023, ambayo msikilizaji wa Kongo, Tanzania au Kenya ataitambua kabla hata Ayra hajafungua mdomo. Kionjo chake, yaani kipande cha wimbo wa zamani kilichotumiwa upya, kimetoka "Coupé Bibamba" ya Awilo Longomba, ngoma ya 1998 ambayo hakuna harusi ya miaka ile iliyokwepa. Kilichofanywa hapo ni kizuri: hawakuukata tu ule mdundo wa soukous na kuubandika, wameupunguza mwendo na kuuacha ukae chini ya sauti yake, kisha naye akaingia kwa majigambo ya utulivu badala ya shangwe. Wimbo huu nao haumo kwenye albamu ya pili, na hapo ninaona kosa. Pale katikati albamu inapolegea, ndipo hasa "Sability" ingekaa.

Tuje kwenye albamu yenyewe.

Inafunguliwa na "Birds Sing of Money", na sijasikia ufunguzi wa Afrobeats wenye ujasiri kama huu kwa muda mrefu. Badala ya kuimba kwa madaha, anazungumza kwa mahadhi, nusu kughani nusu kuimba, akitaja pesa, kazi na jinsi asivyopunguza sauti ili watu wajisikie vizuri. Weka masikio kwenye namna anavyomaliza mistari: anaiangusha chini badala ya kuipandisha. Mwimbaji asiyejiamini hupandisha mwisho wa mstari kama anayeomba ruhusa. Yeye anaufunga mlango.

"Goodbye (Warm Up)" inamleta Asake, na huyu ndiye mgeni aliyefaa kuliko wote. Asake amelelewa na fuji, muziki wa Kiyoruba wa Lagos, na uitikiaji wa kwaya, kwa hiyo anapoingia wimbo haubadiliki tabia, unaongezeka watu tu. Yeye anasimama upande wa mwanamume anayeachwa, Ayra upande wa anayeondoka, na hakuna anayempisha mwenzake. Kisha "Commas", uliotangulia kutoka Februari 2024. Jina linahusu zile alama zinazogawa tarakimu za pesa nyingi, lakini ukiusikiliza vizuri ni wimbo wa kulinda amani ya moyo kuliko wa kuhesabu fedha. Nyimbo hizi tatu za mwanzo zisikilizwe kwa mfuatano bila kuruka. Zimepangwa kwa akili: kwanza anajitambulisha, kisha anaachana, kisha anapumua.

Ulegevu unaanza hapo. "Woman Commando" ina Anitta wa Brazil na Coco Jones wa Marekani, na kwa karatasi ni kolabo kubwa. Kwa masikio ni wimbo wa mwendo wa kasi ambao kila mmoja amepewa ubeti wake, akauimba, akaondoka. Hakuna mahali ambapo sauti zao tatu zinakutana na kuzaa kitu ambacho mmoja asingekiweza. "Control" ni wa kuchezea, hauna zaidi. "Lagos Love Story" ni mtamu na mwepesi, wa kusikiliza garini jioni. "Rhythm & Blues", uliotoka tangu Septemba 2023, una melodi inayonata kuliko wenzake wa eneo hili, ila tatizo ni kwamba aliyekuwa akimfuatilia Ayra alishaumaliza utamu wake miezi minane kabla ya albamu.

Sababu ya kujazwa wageni inaeleweka. Februari 2024 Universal Music Group ilitangaza kuchukua sehemu kubwa ya umiliki wa Mavin, na albamu ya msanii wa kike anayeongoza ndani ya lebo hiyo isingetoka bila kutazama Amerika ya Kusini na Marekani. "Santa" pamoja na Rvssian wa Jamaika na Rauw Alejandro wa Puerto Rico ni ushahidi kwamba mbinu inafanya kazi: wimbo ule ulikwenda mbali sana kwa wasemao Kihispania. Na "Last Heartbreak Song" pamoja na Giveon ni kolabo ya ng'ambo iliyofanikiwa kisanii pia, kwa sababu rahisi: Giveon naye ana sauti nzito ya chini. Mahali ambapo mprodyuza angetarajia mwanamke apande juu ili mwanamume akae chini, wote wawili wanashuka, na wimbo unakuwa na giza la kupendeza. Kolabo zote zingechaguliwa kwa kipimo hicho, sehemu ya katikati isingelegea. "21", unaotangulia huo, ni wa taratibu na wa kujiuliza maswali ya umri. Hauna kibwagizo cha kukumbukwa, lakini unauandaa moyo kwa ujao.

Kuanzia wimbo wa kumi albamu inarudi nyumbani, na hapa ndipo pa kukaa. "Bad Vibes" ina Seyi Vibez, mtoto wa mtaani anayeimba kwa mikunjo ya fuji na apala, ile mitindo ya Waislamu wa Kiyoruba ambayo sauti huzunguka juu ya noti moja mara tatu au nne kabla ya kutua. Sikiliza jinsi Ayra anavyobadilika anapokaa karibu na mtu wa namna hiyo: naye anaanza kukunja. Hafanyi hivyo kwenye "Woman Commando" wala "Control". "Orun", ambalo ni mbingu kwa Kiyoruba, ni wimbo wa kujitazama na kujutia, na hapo sauti ya chini inatumika kwa faida yote. "Jazzy's Song" ni zawadi kwa bosi wake: umechukua kionjo cha "You Bad" ya Wande Coal, wimbo wa enzi za Mo' Hits ambao Don Jazzy mwenyewe aliutengeneza. Aliyekua na muziki wa Nigeria wa 2009 atatabasamu, na ambaye hakukua nao atacheza tu, vyote ni sawa.

Kisha "1942". Jina linatoka kwenye ile tequila ya Don Julio 1942, chupa ndefu ya bei kubwa inayoletwa mezani kwenye kumbi za starehe. Ungetegemea wimbo wa sherehe. Badala yake anaimba na Milar, ndugu yake wa kiume, juu ya hofu ya kupoteza kila walichopata. Ndugu wawili, chupa ya gharama, na woga. Hakuna mistari mingi, hakuna mbwembwe, na uimbaji wa ndugu unasikika kama uimbaji wa ndugu: matamshi yanafanana, pumzi zinaingia mahali pamoja. Kama una nafasi ya wimbo mmoja tu kwenye simu, weka huu.

"The Kids Are Alright" unafuata na ndio mwisho halisi wa albamu. Ni wimbo kwa baba yake aliyefariki, kumpa habari kwamba watoto wake wako salama. Ndani yake kuna sauti za familia, mama akiwemo, zikizungumza kama zinavyozungumza kwenye ujumbe wa sauti wa simu. Wasanii wengi hutumia sauti za wazazi kama pambo la mwanzo au la mwisho. Hapa zimewekwa kama kiini, muziki ndio unaozisindikiza. Ukimaliza kuusikia, unaelewa kwa nini msichana wa miaka 21 anaimba juu ya pesa kwa uzito ule wa wimbo wa kwanza.

Baada ya hapo, bila hata nafasi ya kuvuta pumzi, "Santa" inaingia na shamrashamra zake. Ni kosa baya la mpangilio. Wimbo wenyewe hauna ubaya, umewekwa tu mahali ambapo haukupaswa kuwa. Dawa ni rahisi: tengeneza orodha yako ya nyimbo 14 na uishie kwa "The Kids Are Alright", au upeleke "Santa" nafasi ya tano karibu na "Woman Commando", ambako unakaa vizuri. Wanaosikiliza kwa hali ya kuchanganya (shuffle) wajue kwamba programu hubadilisha mfuatano yenyewe, hivyo "1942" unaweza kukujia kabla ya "Control" na maana yote ikapotea. Kwa albamu hii mfuatano una thamani, hasa nyimbo tatu za kwanza na tano za kabla ya "Santa". Tumia njia yoyote inayokuruhusu kucheza kwa zamu.

Sasa suala la kifaa, ambalo kwa mwimbaji huyu si dogo. Noti za chini za sauti ya mwanamke huangukia takriban kati ya hezi (Hz) 165 na 250. Spika ndogo ya simu huanza kudhoofika hapohapo, na chini yake hutoa kidogo sana. Matokeo yake ni kwamba ukimsikiliza Ayra Starr kwa spika ya simu unasikia nusu ya juu tu ya sauti yake, mikwaruzo na pumzi, huku mwili wa sauti ukiwa haupo, na besi ya mdundo ndiyo kabisa haipo. Wengi wanaosema sauti yake ni nyembamba wamemsikia hivyo. Tumia hata spika za masikioni za bei ya kawaida, zile za waya zinatosha, na zikae vizuri sikioni, kwa sababu zikilegea besi inavuja.

Kosa la upande wa pili ni kuongeza besi. Spika nyingi za bluetooth na redio za magari huja na kitufe cha kuongeza besi, na kwa amapiano kitufe hicho kinaleta raha. Kwa albamu hii kinaharibu. Besi ikipanda sana inamwagika hadi eneo la sauti yake ya chini na kuifunika, ukabaki unasikia mngurumo na maneno hayaeleweki. Acha kisawazishi (equalizer) kiwe bapa. Ukiona bado pana ukungu, shusha kidogo eneo la hezi 100 hadi 150, usiguse juu yake. Na unapolinganisha albamu ya kwanza na ya pili, washa kile kipengele cha programu kinachosawazisha ukubwa wa sauti, la sivyo masikio yatapendelea ile iliyorekodiwa kwa kelele zaidi.

Kuhusu bando: kwa kiwango cha kilobiti 96 kwa sekunde, dakika moja ya muziki hula takriban MB 0.7, kwa 160 ni MB 1.2, kwa 320 ni MB 2.4. Ukikadiria dakika tatu kwa kila wimbo, albamu nzima ni kama MB 32, MB 54 au MB 108. Kiwango cha 160 kinatosha kwa spika za masikioni za kawaida. Pakua mara moja ukiwa kwenye waifai na usirudie kuvuta kila siku. Video ziache hadi uwe na mtandao wa uhakika, ingawa za kwake zinafaa kutazamwa.

Wapo wanaotaka kuziimba, kwenye karaoke, kanisani kwa mtindo wao, au kurekodi na kuweka mtandaoni kama yeye mwenyewe alivyoanza. Kinachoharibika mara nyingi ni mambo mawili. La kwanza ni ufunguo. Msichana mwenye sauti ya juu akiimba kwenye ufunguo uleule wa Ayra atalazimika kusukuma noti za chini, na noti inayosukumwa hushuka chini ya tuni. Pandisha wimbo nusutoni mbili hadi nne. Kama unapiga gitaa, weka kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye kifundo (fret) cha pili au cha tatu na upige kodi (chords) zilezile. Wanaume, kwa upande wao, wanaweza kujaribu oktavu moja chini.

La pili ni wakati wa kuingia. Msingi wa midundo mingi ya Afrobeats ni ule mgongo wa mapigo matano: gawanya mzunguko mmoja katika sehemu 16, kisha piga makofi kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Fanya hivyo kwa dakika tano kila siku, mguu ukihesabu 1, 5, 9 na 13, hadi mkono na mguu viache kugombana. Ndipo uimbe. Ayra Starr haingii juu ya pigo la kwanza. Mara nyingi anakaa nyuma yake kidogo, mstari unaanza baada ya mdundo kupita. Anayeimba akiwahi pigo husikika kama anasoma. Anayechelewa kupita kiasi husikika amelala. Jirekodi kwa simu yako, sikiliza, sahihisha. Kuhusu matamshi, usiige lafudhi ya Lagos kwa nguvu. Imba maneno ya pijini wazi kama ulivyoyasikia, na kwa Kiyoruba tafuta mtu wa kukusahihishia, kwa kuwa ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti hubadilisha maana, na maneno yaliyoandikwa mitandaoni mara nyingi hayana alama hizo.

Kwa anayepiga muziki kwenye sherehe: "Sability" ni daraja lako kutoka rumba na soukous kuja Afrobeats. Piga "Coupé Bibamba", kisha "Sability", kisha "Rush", na watu wa rika zote watakuwa bado wamesimama. "Commas" uweke jioni ikiwa bado changa. "Last Heartbreak Song" na "1942" usiziguse ukumbini.

Albamu ilimfungulia mengi haraka. Juni 2024 alikuwa kwenye jukwaa kuu la Glastonbury, Uingereza, na msimu huohuo alizunguka Amerika ya Kaskazini akimfungulia Chris Brown. Oktoba Coldplay wakamshirikisha kwenye "Good Feelings". Februari 2025 alichukua tuzo mbili za MOBO za Uingereza, ya msanii bora wa kimataifa na ya msanii bora wa muziki wa Afrika, na mwaka huohuo akaingia chini ya usimamizi wa Roc Nation, kampuni ya Jay-Z. "Gimme Dat" pamoja na Wizkid ikamrudisha kwenye orodha ya Grammy za 2026, safari hii akiwa pamoja na Eddy Kenzo wa Uganda katika kipengele kilekile. Na tazama: mgeni aliyemchagua kwa "Gimme Dat" ni mtu wa Lagos, anayeimba kwa chini na kwa uvivu wa makusudi. Ndivyo Asake na Seyi Vibez walivyofaa kwenye albamu hii, na nina imani ya tatu ikijengwa hivyo itaishinda.

Kama bando lako ni dogo na unataka sita tu, chukua "Birds Sing of Money", "Goodbye (Warm Up)", "Commas", "Bad Vibes", "1942" na "The Kids Are Alright", kwa mfuatano huo, na uzisikilize kwa spika za masikioni.